Pokea na Funika

Katika wiki zangu za mwanzo kazini Kibiti nilimwambia mzee mmoja, mbele ya wake zake wawili, atanue mapaja.

Nilikuwa na sababu ya kitaalamu kabisa. Mzee alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Umwe. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo anacholala mtu akilinda shamba, na nyonga yake ya kulia ilikuwa imekakamaa. Nilitaka apeleke mguu pembeni, mbali na mwenzake. Chuoni tendo hilo lina jina la Kiingereza, abdaksheni, na nililijua fika. Kiswahili chake sikufundishwa na mtu, kwa hiyo nikatumia neno la kwanza lililofika mdomoni. Mke mkubwa akageukia dirishani. Mke mdogo akajifunika mtandio usoni, lakini mabega yake yakamsaliti. Mzee mwenyewe alibaki akinitazama kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema upya.

Muuguzi niliyefanya naye kazi alikuwa anapita na sinia la dawa. Ni Mndengereko, mzaliwa wa hapohapo, na amenizidi umri kiasi cha kuwa dada mkubwa. Aliliweka sinia chini.

"Baba," alimwambia, "kaa kama unapanda pikipiki."

Mguu ukaenda pembeni papo hapo. Ulipofika mwisho wa uwezo wake, dada akamwomba ashuke kwenye pikipiki, ukarudi. Mzee alipanda na kushuka hadi jasho likamtoka, na wake zake wakawa wameshajua zoezi zima la kwenda kumsimamia nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na diploma yangu.

Walipoondoka, dada alifunga mlango akanieleza kwamba huku pwani kuna maneno ya mwili ambayo hayasemwi hivihivi. Tanua ni moja. Binua ni jingine, na bong'oa usiliguse kabisa. Akanitajia na mengine ambayo sitayaandika hapa, mengi yao nikiwa nimeshayatumia wiki ile kwa nia njema. Nikaelewa kwa nini vijana wa bodaboda walikuwa wanapenda kuleta magoti yao kwangu.

Mimi ni binti wa Singida. Kinyaturu nilikipata kwa mama, Kiswahili nikakipata darasani, kimenyooka na kimepigwa pasi, na mazoezi tiba nikayasomea kwa Kiingereza. Chuoni tulifundishwa kwamba viungo vya binadamu huenda kwa jozi. Kuna fleksheni, ambayo ni kukunja, na ekstensheni, ambayo ni kunyoosha, na hizo hazimsumbui mtu. Kuna abdaksheni ya kupeleka pembeni na adaksheni ya kurudisha, majina mawili yanayofanana mno, hata mwalimu wetu alikuwa ananyanyua kwanza mkono wake, anautazama umeelekea wapi, ndipo anataja jina. Kisha kuna pronesheni na supinesheni, za kugeuza kigasha, pale kati ya kiwiko na kiganja: ya kwanza kiganja kinatazama chini, ya pili kinatazama juu. Ili tusichanganye, mwalimu alituambia kwamba ndani ya supinesheni kuna supu, na mkono uliogeuka juu unaweza kubeba supu. Nilifaulu mtihani kwa supu hiyo, nikaja nayo Kibiti.

Aliyeniondolea supu hiyo ni mama mmoja kutoka kijiji cha upande wa Salale.

Alikuja kipindi cha masika, amefuatana na mwanawe wa kike, wote viatu mikononi kwa ajili ya matope. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku injini ya boti inanguruma. Kazi yake ni kununua kamba wabichi kwa wavuvi na kuwapeleka kwa wachuuzi, na anapokuwa nyumbani husuka ukili wa mikeka. Alinisimulia ajali yake bila haraka. Alikuwa anashuka kwenye boti maji yakiwa yametoka, ndoo ya kamba kichwani, akakanyaga tope linaloteleza. Angeweza kuiachia ndoo. Badala yake aliikumbatia kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapokea mwili mzima. Kamba walifika salama wote, alisema, hata mmoja hakumwagika. Mifupa ya mkono ndiyo iliyovunjika.

Alikuwa ameshakaa na plasta, ile watu wanayoiita hogo, mifupa ikaunga vizuri, hogo likatolewa. Nilipompima niliona kiwiko kinakunjika na kunyooka, vidole vinashika kwa nguvu. Kilichokataa ni kigasha. Hakikuwa tayari kugeuka.

Nikamuuliza ni kazi gani inayomshinda, maana tulifundishwa kuuliza hivyo. Nilitegemea aniambie kusuka, au kuosha sufuria, au ndoo.

"Dua," alisema.

Sikuelewa. Nimelelewa kanisani, na kwetu mtu akiomba hufumbata mikono, viganja vikatazamana, basi. Nikamwomba anionyeshe. Aliweka mkoba chini akainua mikono miwili mbele ya kifua. Wa kushoto ulifunguka vizuri, kiganja juu, umetulia. Wa kulia uligoma njiani, umesimama upande, kidole gumba kikielekea dari, kama mtu anayetaka kukupa mkono wa kheri.

"Unaona, mwanangu? Huu unapokea. Huu unamwagia jirani."

Alinieleza kwamba amehudhuria hitima mbili akiwa katika hali hiyo. Ile ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Ya pili, shoga yake aliyekaa naye jamvi moja alimnong'oneza kumuuliza kama ameanzisha dhehebu. Alisema anaweza kuvumilia maumivu, na kwa kusuka amepata namna ya kujigeuza, lakini hawezi kila siku kuomba nusu.

Nikamwambia kwamba tatizo lake linaitwa upungufu wa supinesheni. Akalirudia jina taratibu, akauliza ni supu ya nini. Nikamweleza habari ya chuoni, ya mkono kubeba supu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao hakuna anayetia supu kiganjani kwa sababu inaunguza, na kama chuo kizima kilikosa bakuli, anatupa pole. Mwanawe akatoka nje ya chumba akidai anakwenda kutazama mvua.

"Hilo ni kupokea tu," mama alisema. "Mbona lina jina. Pokea."

Basi kiganja kutazama juu likawa pokea. Kutazama chini tulihangaika nalo kidogo. Mimi nilipendekeza geuza, akasema geuza ni kote, mtu hajui ageukie wapi. Mwishowe alifanya kwa mkono kama mtu anayeweka kawa juu ya sahani ya wali, tukakubaliana iwe funika.

Zoezi lenyewe linataka kitu chenye mpini na kichwa kizito. Kitabuni wamechora nyundo. Nikaenda kuazima upawa kwa mama ntilie wa nje ya geti, ambaye aliutoa kwa shingo upande na kunitaka niurudishe kabla ya mchana. Mgonjwa anashika upawa umesimama wima, kiwiko amekibana ubavuni, halafu anauachia ulale upande wa nje polepole, uzito wake ukivuta kiganja kitazame juu. Hapo anatulia. Kisha anaulaza upande wa ndani.

Mama wa Salale aliupenda upawa na akaanza kuniibia mara moja. Kila nilipomwambia pokea, kiwiko kilichomoka ubavuni na mwili mzima ukalalia kulia, mpaka karibu aanguke kitandani.

"Mama, mkono haujageuka."

"Si kiganja kinatazama juu?"

"Kinatazama juu kwa sababu wewe umelala."

Akajitazama alivyokaa, akacheka mpaka akalazimika kuuweka upawa chini. Baada ya hapo alifanya kihalali, na uso wake ukanionyesha kwamba kihalali kunauma. Kabla hajaondoka alinisomea masharti yote bila kukosea: kiwiko ubavuni, polepole, asubuhi na jioni, na kama usiku mkono utavimba apunguze. Alikuwa na haraka ya kuwahi maji kujaa, la sivyo boti isingeingia kwenye kijito cha kwao.

Alirudi mara moja tu masika yale. Safari ni ndefu, na mvua ilikuwa nyingi. Mara ile ya pili kigasha kilikuwa kimesogea, kidogo lakini kweli, na yeye hakutaka kusikia habari ya kidogo. Alinipa salamu za mahitaji: wenzake kijijini wana viuno, wana magoti, wana shingo, na mimi nakaa Kibiti kwenye lami.

Mvua zilipokatika nilipangwa kwenda na huduma ya mkoba, ile timu inayopeleka chanjo na kliniki ya wajawazito vijijini. Dada muuguzi ndiye alikuwa kiongozi wa safari. Tulikwenda kwa gari mpaka Nyamisati, tukaingia kwenye boti. Kwetu Singida ziwa liko, lakini ni la kulitazama ukiwa barabarani. Ndani ya boti nilishika ubao kwa fleksheni ya vidole vyote, na mikoko ikapita pande zote mbili bila mimi kuithamini. Dada alikaa mbele akila karanga.

Tulipofika, chanjo ikaanza kwenye zahanati, na mimi nikaelekezwa nyumba ya mama. Nilisikia sauti yake kabla sijaiona nyumba.

"Pokea."

Kimya kidogo.

"Funika. Wewe, kiwiko kimekwenda wapi?"

Uani kulikuwa na jamvi kubwa, na juu yake wanawake wamejipanga wakiwa wamenyoosha miguu, kila mmoja na upawa wake. Wengi wao mikono yao ilikuwa mizima kabisa. Nilipouliza baadaye kwa nini wanafanya, nikaambiwa ni kwa kinga. Mama alikuwa amesimama mbele yao na khanga kiunoni, mkono wake wa kulia ukigeuka karibu sawa na wa kushoto. Aliponiona hakusimamisha zoezi. Aliniashiria nikae, na nikakaa.

Hakuishia kwenye pokea na funika. Kila kiungo alikuwa amekitafutia jina, na majina mengine yalikuwa mikononi mwao tangu zamani bila wao kuyaona kama mazoezi. Kugeuza shingo kulia na kushoto kulikuwa kutoa salamu, kama mtu anavyomaliza sala. Kuinama kutoka kiunoni mgongo ukiwa umenyooka ilikuwa rukuu, ile ya kwenye sala, na niliona wanaifanya kwa unyoofu ambao darasa letu zima halikuwahi kuufikia. Kupeleka mkono nyuma ya mgongo ilikuwa kufunga sidiria, ila mama alitazama kwanza kama kuna mwanamume karibu. Kusimama kwa vidole vya miguu ilikuwa kuchuchumia, yaani kama unataka kuchukua kitu darini. Nilikuwa naandika haraka, na mkono wangu ukawa ndio pekee pale uliochoka.

Kosa langu lilikuwa kuuliza nyonga. Nilitaka kujua wamekuita nini kule kuzungusha nyonga duara zima, ambako sisi tunakuita sakamdaksheni. Walitazamana. Kisha bibi mmoja mnene aliyekaa nyuma akasema, kwa heshima zote, kwamba hilo halimhitaji daktari. Wakataka kuona mimi ninavyolifanya. Nilikataa, dada muuguzi akatokea wakati huohuo kutoka zahanati, akawaunga mkono wao. Nikasimamishwa katikati ya jamvi. Niliwaonyesha sakamdaksheni kama ilivyo kitabuni, mguu mmoja umenyanyuliwa, unachora duara hewani. Wakasema huyo ni kiwete anavuka tope. Mama akanishika kiuno kwa mikono miwili na kujaribu kukizungusha kama mtu anayefungua mfuniko wa debe.

"Huyu," bibi mnene alisema, "amefungwa hogo la kiuno."

Nilicheka pamoja nao, na nilikuwa bado nacheka nilipomwona mwanamke wa pembeni.

Alikaa mwisho wa jamvi, mdogo kuliko wengine, na yeye hakuwa amecheka. Alikuwa anaendelea na upawa peke yake. Midomo ameibana, jasho limemjaa juu ya mdomo, na kila alipofunika alifumba macho. Nikamsogelea. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na kupinda kama mgongo wa uma. Nilimwuliza ameumia lini, akasema juzi, amedondoka akitega samaki. Mama amemwambia afanye pokea na funika mpaka kilegee.

Nikauchukua upawa mkononi mwake.

"Mama," nilisema, "mkono huu umevunjika."

"Hata wangu ulivunjika," mama alijibu, "na dawa yake ilikuwa hii."

"Wako uliunga kwanza. Huu unasagana."

Nilisema kwa sauti ya kazini, na uani pote walisikia. Mama alinitazama kidogo. Alianza kupita kwa kila mwanamke akikusanya pawa, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, akaziingiza ndani, na mlango ukarudi nyuma yake.

Tulimfunga yule mwanamke mkono kwa kipande kigumu cha boksi la dawa na khanga, tukamning'inizia shingoni. Ilibidi aje nasi Kibiti akapigwe picha. Wenzake walimletea nguo kwenye mfuko na kumsindikiza mpaka ufukweni, lakini mama hakuonekana. Dada hakunilaumu. Aliniambia tu, tukiwa tunatembea kwenye tope, kwamba mkono niliuokoa na nilikuwa sahihi, na mama yule ni mtu mzima aliyeambiwa mbele ya darasa lake. Nikamuuliza ningefanyaje. Alifikiri akasema hajui, pengine vilevile. Hilo halikunifariji. Nilikuwa nimependa kuingia uani kwake, na sasa niliona nimejifungia mlango mwenyewe.

Injini ilikuwa imeshawashwa tulipomwona anakuja. Amevaa khanga safi, mkoba begani, anakanyaga tope kwa uangalifu wa mtu aliyeteleza siku moja. Hakutusalimu. Aliingia kwenye boti, akamwomba nahodha radhi kwa kumchelewesha, akakaa ubavuni kwa yule mwanamke, akaupakata mkono uliofungwa juu ya mapaja yake. Safari nzima hakuongea na mimi. Kila boti iliporuka juu ya wimbi aliunyanyua ule mkono kidogo na kuushusha nalo, ili usitikisike, na alifanya hivyo mpaka Nyamisati bila kuchoka. Nilitazama na kujua kwamba mkono wake wa kulia, wenye kigasha kibovu, ndio uliokuwa chini, umepokea.

Kibiti picha ilionyesha mfupa umevunjika kweli. Wakati wenzangu wanamfunga hogo, mimi na mama tulikaa kwenye benchi la nje. Dada alituletea chai, akatuacha kwa makusudi.

Mwishowe mama aliuliza mkono unajuaje kwamba wakati wa kupokea umefika. Alitaka kuelewa, hakuwa anagomba. Nikamweleza jinsi mfupa unavyoanza kwa kushikana kama ute, ukaja kuwa mgumu taratibu, na kwamba ukiugeuza mapema unaukata tena palepale unapojaribu kushika. Ndiyo maana hogo. Wa kwake ulikuwa umekwisha kushika nilipompa upawa.

"Kwa hiyo kuna kipindi cha kutulia," alisema.

"Kipo."

"Na hakina jina? Mmeweka majina kila kinachotembea."

Nikamwambia kinalo. Kinaitwa imobilaizesheni.

Alijaribu kulisema, akakwama katikati, akajaribu tena. "Jina lenyewe halitulii," alisema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka kwake.

Alikaa akizungusha kikombe. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba mke akifiwa na mume hukaa eda. Si mgonjwa, wala si mfungwa. Siku zake zina hesabu, na mpaka ziishe hatoki, hajipambi, haposwi. Zikiisha anatoka na hakuna wa kumzuia.

"Huo mkono uko eda," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba ni neno zuri, lakini yule mwanamke alikuwa anatolewa chumba cha plasta, na mama akasimama kumpokea. Alimweleza palepale koridoni, kwa sentensi moja, kile ambacho mimi ningekieleza kwa karatasi mbili. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Dada muuguzi, aliyekuwa mlangoni, aliongeza kwamba eda ya mkono haivunjwi hata kwa kuchota maji. Na mimi nikapanga siku ya kulitoa hogo, nikamwambia mama siku hiyo aniletee mtu wake yeye mwenyewe.

Alimleta. Niliambiwa kwamba kijijini hakuna aliyemruhusu yule mwanamke kugusa ndoo. Akinyoosha mkono tu, hata kama ni kwa kijiko, mtu alimpigia kelele kwamba yuko eda. Mfupa uliunga ulivyopaswa. Upawa alianza siku niliyosema mimi, na aliyemsimamia ni mama. Kuanzia hapo mama akaweka sharti lake: hakuna anayekaa kwenye jamvi lake na maumivu mapya kabla hajapita zahanati kwanza. Mkono wake mwenyewe haukurudi wote. Umebaki na mteremko mdogo upande wa kidole gumba, na nilipomwambia kwamba pengine hapo ndipo mwisho wake, alisema kilichomo kinakaa, hakimwagiki, na alikuwa hanidai.

Siku hizi chumba changu cha mazoezi kina lugha yake. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja kutoka Dar es Salaam wanafika na abdaksheni zao mdomoni, na siku ya kwanza wakimsikia dada anasema kwamba kijana wa kitanda cha dirishani yuko eda, wananitazama kama wameingia ofisi isiyo yao. Mmoja aliniuliza kama mume wa huyo kijana amefariki. Baada ya juma moja wanasema vilevile.

Si kwamba mimi na mama tumekubaliana kila kitu. Bega limetushinda. Kupeleka mkono pembeni na kuupandisha mpaka juu ya kichwa, mimi nataka kuita kuanika, kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba. Yeye anasema mtu akianika mikono huenda mbele, siyo pembeni, na amenionyesha. Anataka iitwe kufukuza kuku. Nimempinga kwamba anayefukuza kuku hupigapiga mkono, hauinui polepole. Amenijibu kwamba inategemea kuku. Dada muuguzi amekataa kuwa hakimu.

Mwezi uliopita aliletwa dereva wa bodaboda aliyekuwa ameteguka bega, eda yake imekwisha. Nilikuwa na wagonjwa wengi, nimechoka, na nilipofika kwake sikukumbuka kuanika wala abdaksheni.

"Fukuza kuku," nilimwambia.

Akautazama ukumbi mzima, chini ya vitanda na nyuma ya mlango.

"Kuku wa nani, dokta?"

"Wa jirani," nilisema. "Wameingia kwenye mpunga."

Mkono ukapanda mpaka juu.